Uzi wa chini unasema nini: jibu kwa msomaji anayejifunza kushona mfarishi kwa mkono huru

Swali la msomaji wetu wa Njombe, kwa ufupi, ni hili: "Mwalimu, shikamoo. Nina cherehani ndogo ya umeme ya nyumbani, na kwa miaka minne nimekuwa nikiunga vipande vya vitenge na kutengeneza mifarishi ya watoto, kwa kuwa huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali. Mistari iliyonyooka naiweza. Sasa nataka kuichora mifarishi kwa uzi, maua na mawimbi, kwa kushusha meno ya cherehani na kukiongoza kitambaa kwa mikono. Nimejaribu wiki tatu. Mishono mingine ni mirefu kama punje ya mchele, mingine imebanana hadi haionekani. Kwa chini kuna vitanzi vya uzi. Uzi wa juu hukatika. Na sindano tatu zimevunjika. Fundi jirani ananishauri niuze hii ninunue cherehani ya kiwandani. Je, ni kweli tatizo ni cherehani?"

Marahaba, dada yangu. Hapana, tatizo si cherehani, na nakuomba usiiuze. Nimeitazama kwa muda mrefu ile picha ya upande wa chini uliyoituma, na nitakueleza ninachokiona humo, kwa sababu karibu majibu yako yote yamo katika picha hiyo.

Pale mstari wako unapokwenda moja kwa moja, uzi wa chini umelala vizuri, mshono baada ya mshono, bila doa. Unapofika kwenye kona ya ua, vitanzi vinaanza: vinyuzi vidogo vilivyolala upande mmoja kama meno ya kitana, na vyote vinaelekea ndani ya pindo la kona. Mstari ukinyooka tena, vinatoweka. Sasa fikiri: laiti mkazo wa uzi, yaani tensheni, ungekuwa umeharibika, ungeharibika kila mahali, maana cherehani haijui kwamba umefika kwenye kona. Anayejua ni mkono wako. Mkono unapofika penye kona huona kana kwamba unateleza mteremko, ukakimbia, ilhali mguu kwenye pedali umebaki na mwendo ule ule, au, kama ilivyo kwa wengi, umepunguza kwa woga. Kitambaa kinavutwa kando kabla cherehani haijamaliza kuufunga mshono, na uzi wa juu unaburutwa kwenda chini ukiwa bado haujakazwa. Hivyo ndivyo kitanzi kinavyozaliwa.

Katika ushonaji wa kawaida, meno yaliyo chini ya sindano hukisukuma kitambaa hatua moja kwa kila pigo la sindano, na urefu wa mshono unauamua wewe kwa kuzungusha kitufe mara moja tu. Ukiyashusha meno, kitufe kile hakina kazi tena. Kuanzia hapo urefu wa mshono ni matokeo ya mwendo wa aina mbili unaokutana: mwendo wa sindano, unaotoka mguuni, na mwendo wa kitambaa, unaotoka mikononi. Mkono ukienda haraka kuliko sindano, mshono unarefuka. Sindano ikienda haraka kuliko mkono, mishono inabanana. Kasoro nyingi ulizozitaja zina mzizi katika kutolingana huku, na cherehani yoyote utakayoinunua itakukuta na mkono ule ule na mguu ule ule.

Tena hiyo ya kiwandani ingekuongezea taabu. Cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka inaweza kukimbia mishono 4000 hadi 5000 kwa dakika, na imeundwa kwa ajili ya kupitisha pindo refu mbele, si kwa kuzungukazunguka ndani ya ua. Ni chombo kizuri sana kwa fundi wa sare za shule. Kwa mwanafunzi wa mkono huru ni farasi mkali mno.

Hesabu kidogo itakusaidia kuliko mawaidha mengi. Mshono unaopendeza kwenye mfarishi una urefu wa takriban milimita 2.5, yaani mishono 10 hivi katika inchi moja. Cherehani yako ikipiga mishono 600 kwa dakika, ambayo ni 10 kwa sekunde, basi mikono yako katika sekunde moja inapaswa kusafiri milimita 25, inchi moja tu. Weka rula mezani, sema "moja" kwa utulivu, na usogeze kidole inchi moja. Utashangaa jinsi ulivyo mwendo wa polepole. Wanafunzi wengi ninaowafundisha husogeza kitambaa mara mbili au tatu ya hapo bila kujijua, huku wakikanyaga pedali kidogo kidogo kwa hofu. Dawa yake inaonekana kama kinyume cha busara, lakini ndiyo dawa: kanyaga zaidi, sogeza polepole zaidi. Kama cherehani yako ina kitufe cha kuwekea kikomo cha mwendo, kiweke katikati au juu kidogo ya katikati, kisha ukanyage pedali mpaka chini, ili mguu usiwe na uamuzi wowote wa kufanya. Hapo linabaki jambo moja tu la kujifunza, nalo ni mkono.

Mimi nilijifunzia cherehani ya miguu, nyeusi, kwa shangazi yangu mjini Tanga. Hakunieleza habari ya milimita. Aliniambia niisikilize. Alinifumba macho kwa ncha ya leso yake, akaweka kitambaa kisicho na uzi chini ya sindano, akaniamuru nikanyage hadi mlio uwe mmoja, usiopanda wala kushuka, na hapo ndipo aliponishika vifundo vya mikono na kuisogeza yeye mwenyewe, polepole, kwenda kushoto, mbele, kulia, nyuma. Mpaka leo, mlio ukipanda ninapoingia kwenye kona, najua mguu wangu umeshtuka kabla sijauona mshono. Jaribu hivyo hivyo wewe, ila bila ya kufumba macho kwa kuwa ya kwako ni ya umeme: toa uzi, weka kipande cha kitambaa, na kwa dakika tano sikiliza tu huku mikono ikienda.

Kabla ya mkono, hata hivyo, kuna mambo ya chombo ambayo ni lazima yawe sawa, na kwa maelezo yako nahisi mawili hayako sawa.

La kwanza ni mguu wa cherehani, yaani kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Umesema unatumia mguu wa kawaida. Mguu huo hukibana kitambaa wakati wote, kwa hiyo unakivuta kwa nguvu, sindano inapinda ikiwa ndani ya kitambaa, inapiga sahani ya chuma na kukatika. Sindano zako tatu zimekwenda hivyo. Unahitaji mguu wa kudarizi, ule wenye springi na duara dogo wazi mbele, ambao hunyanyuka sindano inapopanda na kugusa kitambaa sindano inaposhuka. Hauna bei kubwa, lakini ipo miguu ya cherehani zenye shina fupi na ya zile zenye shina refu, na ukikosea hautakaa. Shusha mguu ulionao sasa, kisha pima kutoka katikati ya skrubu inayoushikilia hadi kwenye sahani: ikiwa ni kati ya nusu inchi na robo tatu, shina ni fupi; ikiwa ni inchi moja au kuzidi kidogo, ni refu. Cherehani nyingi za nyumbani ni za shina fupi. Unapoufunga, kijiti kinachotokeza pembeni kikae juu ya skrubu inayobana sindano, kwa maana ndicho kinachounyanyua mguu.

La pili ni wenzo wa kushushia mguu. Kwa kuwa mguu wa kudarizi huelea, wengi husahau kuushusha wenzo, kwani kwa macho hakuna tofauti. Tofauti ipo: sahani mbili ndogo zinazoubana uzi wa juu hufunga pale tu wenzo unaposhushwa. Ukishona wenzo ukiwa juu, uzi wa juu hauna mkazo wowote na chini ya kitambaa unajikusanya fungu zima la uzi, kama kiota. Lile fungu linaloonekana pembeni mwa picha yako, mwanzoni mwa mstari, nadhani limetokana na hilo. Na unapotunga uzi fanya kinyume, wenzo uwe juu, ili uzi uingie vizuri kati ya sahani hizo.

Kama cherehani haishushi meno, usihangaike. Weka urefu wa mshono kwenye sifuri, na ukipenda funika meno kwa kipande cha kadi ngumu kilichotobolewa tundu la sindano na kubandikwa kwa utepe wa gundi. Meno yatapanda na kushuka papo hapo bila kusukuma kitu. Kwa wenye cherehani za miguu, baadhi yake zina skrubu chini ya ubao ya kushushia meno, na kazi hii inafanyika juu yake vizuri mno. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Singer ilichapisha maelekezo ya kudarizi picha na maua kwa cherehani zake za kawaida za nyumbani, zisizo na umeme, kwa hiyo tusidhani kwamba ufundi huu ulisubiri mitambo ya kisasa.

Kuhusu sindano, tumia namba 14, ambayo kwenye pakiti huandikwa 90/14, na uibadilishe baada ya saa nane hivi za kazi hata kama bado inaonekana nzima. Uzi wa juu hukatika mara nyingi kwa sababu ya tundu la sindano lililochakaa: sehemu ile ile ya uzi hupita kwenye tundu hilo kwenda na kurudi mara nyingi kabla haijawa mshono, na penye mkwaruzo mdogo tu uzi unasagika hadi unakatika. Uzi wenyewe ukiwa wa zamani, uliokaa juani dirishani, hautakufaa; ushike kwa mikono miwili na uuvute ghafla, ukikatika kama utando wa buibui, utumie kupigia bandi, yaani kushikiza vitambaa kwa muda, na si zaidi ya hapo. Tensheni iguse mwishoni. Ukiona vitone vya uzi wa chini vinachungulia juu ya kitambaa, punguza tensheni ya juu nusu namba. Ukiona vitanzi chini hata kwenye mstari ulionyooka, tunga uzi upya kwanza, kisha ongeza nusu namba. Vitanzi vikiwa kwenye kona peke yake, kama vyako, mwachie mkono jukumu hilo.

Sasa kijazio na bandi, maana kitambaa kisichoshikamana hakiongozeki. Umeuliza kama unaweza kujazia sufi. Nakushauri usifanye hivyo kwa kazi hii; sufi ni nzuri kwa mito, lakini haina mwili, inakimbia mbele ya sindano na kujikusanya. Blanketi jepesi la pamba, lililokwisha kufuliwa mara mbili ili limalize kurudi, ni kijazio bora kabisa kwa anayejifunza, kwani halitelezi. Poliesta ya kujazia inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya watengeneza makochi inafaa pia, ukichagua ile nyembamba. Tandika kitambaa cha chini sakafuni, uso ukielekea sakafu, ukibandike pembeni kwa utepe kikiwa kimenyooka bila kuvutwa, tandaza kijazio, kisha kitambaa cha juu, na ufunge pini za kufunga, zile za nepi, kila baada ya upana wa kiganja chako. Kazi ya pini huchosha magoti na hakuna anayeipenda, lakini pini zikiwa chache, utakunja kitambaa cha chini ndani ya mshono na utafumua jioni nzima.

Meza nayo ina kauli. Mfarishi unaoning'inia pembeni mwa meza unavuta, na mkono wako badala ya kuongoza unabeba mzigo. Sogeza cherehani mbali na ukingo, weka meza nyingine kushoto, na kama cherehani imeinuka juu ya meza, panga vitabu vikubwa kuizunguka hadi vilingane na kitako chake, juu yake uweke ubao laini. Kaa kwenye kiti kitakachofanya viwiko vyako viwe usawa wa meza, mabega yakiwa yameshuka. Kwa viganja vinavyoteleza, tafuta vile vimipira vya vidoleni ambavyo makarani wa benki huhesabia noti. Vinne vinatosha, viwili kila mkono.

Mikono iwekwe pande mbili za sindano, kama umbali wa vidole vinne kila upande, ikitandaza kitambaa baina yake kama kwenye duara la kudarizia. Huhitaji kukizungusha kitambaa. Kinasogezwa tu, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kama vile sindano ni kalamu isiyosogea na karatasi ndiyo inayokwenda. Macho yasiikodolee sindano. Yatazame kama sentimita moja mbele, unakotaka kufika, kama mtu anayeendesha baiskeli asivyotazama gurudumu. Unapotaka kuhamisha mikono, simama kwanza, sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, hamisha, vuta pumzi, endelea. Usihamishe mikono cherehani ikiwa inakwenda. Mwanzo wa kila mstari, geuza gurudumu kwa mkono mshono mmoja, vuta uzi wa chini upande juu, shika nyuzi zote mbili, shona mishono sita au saba midogo sana ndani ya nusu sentimita ili ifunge, ndipo uanze safari na kukata ncha zile.

Ratiba ninayokupa ni robo saa kila siku, si saa tatu za Jumamosi. Kata vipande vya sentimita 40 kwa 40, vitabaka vitatu kama mfarishi wenyewe, ukitumia kitambaa kisicho na maua na uzi wa rangi inayoonekana, ili usijifiche. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani, chora kwanza mchoro wa siku hiyo kwa penseli kwenye karatasi bila kuinua mkono, ukurasa mzima. Nimeona kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi anayekwama kwenye kitambaa mara nyingi hakujua aende wapi baadaye, na mkono usiojua unakokwenda ama husita ama hukurupuka.

Kwa mchoro wa kwanza usianze na maua. Andika jina lako. Mwandiko wako wa kuunganisha herufi umo mkononi tangu utotoni, una kona, vitanzi na mistari, na akili haihitaji kufikiri, hivyo inabaki huru kusikiliza mwendo. Jaza kipande kizima kwa jina lako. Kisha fuata mstari wa kuzungukazunguka usiojikata, kama mto unaopinda katika tambarare. Ukiuzoea huo, njoo kwenye korosho. Lile umbo la korosho lililo kwenye kanga ni zawadi kwa mshonaji wa mkono huru: unaanzia kwenye ncha, unazunguka tumbo lake, unarudi pale pale kwenye ncha, kisha unalizunguka tena kwa nje, umbali wa nusu sentimita, unarudi tena, na ncha hiyo hiyo inakuwa mlango wa kwenda kwenye korosho inayofuata. Mshono haukatiki hata mara moja. Michoro ya piko ya huku pwani, yenye majani yanayofuatana juu ya kikonyo kimoja, nayo huingia kwenye kitambaa kwa namna hiyo hiyo, mradi uipange ili kila jani lirudi kwenye kikonyo. Itazame mikono ya bibi harusi kwa jicho hilo utapata michoro ya mwaka mzima.

Ukubwa wa kazi nao upangwe kulingana na cherehani. Nafasi iliyopo kati ya sindano na mwili wa cherehani nyingi za nyumbani ni kama sentimita 15 hadi 18, na humo ndimo nusu ya mfarishi inapaswa kupita ikiwa imekunjwa. Mfarishi wa mtoto wa sentimita 90 kwa 110 hupita bila shida, nawe anzia katikati ukielekea pembeni ili mikunjo isikusanyike. Wa kitanda kikubwa, ushone kwa vipande vitatu au vinne vilivyokamilika tabaka zote, kisha uviunganishe. Kwa njia hiyo cherehani yako ndogo haina kitanda itakachoshindwa nacho. Wala usiogope kwamba kazi ya cherehani ni ya daraja la chini kuliko ya mkono. Katika maonyesho makubwa ya mifarishi ya Paducah, jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 1989 tuzo ya juu kabisa ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi ambao tabaka zake zilishonwa pamoja kwa cherehani, mara ya kwanza kwa kazi ya namna hiyo kushinda pale, na mabishano yaliyofuata hayakuuzuia ufundi huu kuenea.

Baada ya kumaliza kila bobini moja au mbili, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini, fungua sahani ya sindano na ufagie vumbi la kijazio kwa brashi ndogo. Blanketi hasa hutoa vumbi jingi, na vumbi likijazana chini ya bobini hubadilisha mkazo wa uzi bila wewe kugusa kitu.

Fanya hivi kwa wiki sita, na mifarishi ya watoto uiache kwanza na mistari iliyonyooka unayoiweza. Kila kipande cha mazoezi kiandike tarehe kwa uzi kwenye pembe, usikitupe. Ukinitumia picha tena, piga upande wa chini, karibu, mwanga ukitoka pembeni, na uniandikie namba ya tensheni na namba ya sindano uliyotumia.